Mke Mwema Hupiga kwa Upendo

Nilipompeleka binti yangu kwetu likizo ya Agosti, alivumilia siku mbili. Siku ya tatu simu yake ilikosa mtandao, maana kilima chetu hupata mtandao kikipenda chenyewe, naye akaketi kwenye ngazi ya nyumba ya baba yangu akatangaza kwamba huku hakuna kitu ya kufanya. Mjini ana mambo matatu anayoyaita hobi, na kila moja lina sare yake na mwalimu wake. Nilimtazama nikacheka, si kwa ubaya. Miaka ya tisini, nikiwa karibu na umri wake, niliitafuta hobi kwenye kilima hichohicho kama mtu anavyotafuta ng'ombe aliyepotea jioni. Sikuwa naitafuta kwa ajili yangu. Ngoja nikusimulie wewe, kwa sababu binti yangu alinisikiliza nusu tu, kisha akapata mtandao kidogo nyuma ya zizi.

Kwetu ni Bomet, upande wa kuelekea Sotik, na chai inaanzia mlangoni mwa jikoni hadi mtoni. Duka lilikuwa moja, la sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Ukitaka kitu cha tano, ungoje siku ya soko utembee saa mbili hadi Chepilat, na ukirudi matope yamekuvua kiatu. Asubuhi upepo ulituletea harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani. Mchana, saa tisa au karibu na hapo, mvua ilinyesha, na mara nyingine mawe yake yaligonga mabati hadi aliye kando yako asisikike. Baada ya hapo ni ugali, mboga na mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, halafu kulala. Sisi watoto hatukulijua neno hobi. Shuleni tulifundishwa neno uraibu, tukaandika insha juu ya uraibu wetu wa kuogelea, ilhali mto wetu ulitufika magotini.

Nyanya yangu tulimwita kogo. Wengine kilimani husema gogo, na ukituuliza Wakipsigis lipi ni sahihi tutakwambia ni lilelile. Masikio yetu hayagombanishi K na G, wala P na B, wala T na D. Kwetu hao ni ndugu wanaoazimana koti. Shida ilianza shuleni. Nikiwa darasa la nne niliandika insha yenye kichwa "Gogo Wangu Mpendwa", na mwalimu wa Kiswahili, mtu wa kutoka mbali mwenye Kiswahili kilichonyooka, alinirudishia daftari akiwa amechora gogo la mti pembeni na kuandika chini yake: "Linawaka vizuri?" Darasa zima lilicheka, na kucheka huko kulidumu muhula mzima. Niliapa sitachekwa tena. Kila imla ilipokuja nilijiuliza, hii B niliyoisikia si P kweli? Kufikia darasa la sita nilikuwa napata kumi kwa kumi, na maringo yangu yangewatosha watu wawili.

Kogo alikuwa mchumaji wa chai, na ninaposema mchumaji usifikirie mtu anayejaribu. Mikono yake yote miwili ilikwenda kwa pamoja, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, yakiruka juu ya bega kuingia kikapuni bila yeye kugeuka. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu, weusi ambao haukutoka hata kwa sabuni ya Krismasi. Alikuwa na msemo wake aliowapiga nao watu wavivu: mikono ikilala, mwenyewe huifuata. Wanawake wa kituo cha kupimia majani walikuwa wakiusema wakimwona anakuja, kwa kumtania, naye hakukasirika kwa sababu kikapu chake ndicho kilichokuwa kizito.

Mwaka huo wa darasa la sita, mwezi wa Mei, aliteleza kati ya mistari ya chai akavunjika mfupa wa paja. Alilazwa wiki nyingi. Aliporudi alikuwa na fimbo, na amri ya daktari kwamba asikanyage mteremko tena maishani. Sasa, rafiki yangu, kwetu hakuna mahali pasipo mteremko ila kitandani na barazani. Kogo alikaa barazani siku nne. Siku ya tano baba alimkuta kati ya chai, amejishikilia kwenye matawi, anachuma kwa mkono mmoja. Alimbeba mgongoni hadi nyumbani, na kogo hakuachilia yale majani yaliyokuwa kiganjani.

Habari hizo zilimfikia baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa akifanya kazi Nakuru. Aliandika barua fupi. Mama hana kitu kingine cha kufanya huko ila kurudi shambani, alisema, na akirudi ataanguka tena. Nikija Disemba nitaondoka naye. Baba aliisoma barua hiyo mara mbili akaiweka chini ya redio. Yeye alikuwa kitindamimba, na kwa desturi yetu kitindamimba ndiye hubaki na mama. Kunyang'anywa mama na kaka yako si jambo la kusimulia kwenye kituo cha majani. Kogo mwenyewe alisema, kwa Kikipsigis na bila kupandisha sauti, kwamba Nakuru angekwenda kutazama ukuta, na mtu anayetazama ukuta hufa kabla mahindi hayajakomaa. Na mimi? Mimi nilikuwa nalala chumba kimoja na kogo tangu nilipoachishwa ziwa. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mtu mwingine yeyote, na hilo nalisema leo bila haya hata mama yangu akisoma. Nikaamua kwamba kabla ya Disemba nitamtafutia kitu cha kumkalisha chini.

Kitu chenyewe kilipaswa kisiwe na gharama na kipatikane kilimani. Nilianza na redio. Kogo aliipenda siku ya kwanza, akawa anamjibu msomaji wa habari na kumkosoa, ila mawe ya redio, yaani betri, yalikwisha baada ya siku chache, na hata tulipoyaanika juani yapate nguvu yaliongea kama mtu mwenye homa. Nikampa maharagwe ya kuchagua. Debe lililomchukua mama siku nzima, kogo alilimaliza kabla ya chai ya saa nne akauliza kama kuna lingine. Jirani yetu akamletea sindano ya kufumia iliyotengenezwa kwa spoki ya baiskeli, amfundishe kufuma vitambaa vya viti. Huko kulikuwa na kuhesabu matundu, na kogo, ambaye hakuwahi kuhesabu kitu ila ng'ombe, alisema kazi ya kuhesabu ni ya karani. Tukajaribu kuku. Kuku wakamkimbiza hadi kwenye chai, au tuseme yeye ndiye aliyewaelekeza kuku huko apate sababu ya kuwafuata. Baba alimbeba mgongoni mara ya pili.

Jibu lilitoka kwenye mkoba wangu wa shule. Tulikuwa na somo la sayansi kimu, na mwalimu wa somo hilo, mama mmoja mnene mpole, alitutaka kila mtu alete kipande cha kitambaa chenye mshono wa mnyororo. Nilikaa barazani nikidunga na kujidunga. Kogo alinitazama kwa muda, uso wake ukazidi kukunjamana, halafu akanyoosha mkono.

"Unashona kama mtu anafukuzwa," aliniambia. "Leta hapa."

Nilimwonyesha mara moja: sindano iingie hapa, uzi uzunguke, itoke pale, pete ishike pete. Mara ya pili hakuhitaji. Vile vidole viliishika sindano kama vilivyoshika chipukizi, kwa ncha, bila kuminya, vikaenda. Mvua ilinyesha ikapita, mama akarudi na kikapu chake, jioni ikaingia, na kogo alikuwa bado amekaa. Kile kipande changu cha sayansi kimu kilijaa minyororo pande zote mbili. Mwalimu alinipa alama nzuri sana na kuniuliza ni nani aliyeshona, na kwa kuwa aliuliza akicheka, nilimwambia.

Kutoka hapo ilibaki kutafuta vifaa, na kwa hilo nilijipongeza mwenyewe. Shuka hutoboka katikati, pale watu wanapolala, lakini kingo zake hubaki imara. Tulikata kingo za shuka kuukuu za kilima kizima. Nyuzi tulizipata Chepilat. Jioni ya soko, wauza mitumba wakifunga mizigo, yale masweta yaliyochanika viwiko hayakuwa na mwenyewe. Mama alirudi nayo yamefungwa kwa kamba: moja la rangi ya damu ya mzee, moja la manjano lenye zipu iliyokufa, moja la kijani. Tuliyafumua, tukazungusha uzi kwenye miguu ya kigoda, tukaufua, tukauanika kwenye ua, na kwa siku mbili ua wetu ulionekana umechanua. Sindano ilikuwa ya kushonea magunia ya mbolea, ile nyembamba. Hiyo ndiyo hobi yetu nzima. Kama kuna ya bei nafuu zaidi, nionyeshe.

Kogo alishona alichokijua. Kitambaa cha kwanza kilikuwa majani mawili na chipukizi, yakirudiwa kutoka pembe hadi pembe. Cha pili kuku, wale waliomsaliti. Wanawake walianza kupita barazani wakitoka kituoni, wanaweka vikapu chini, wanatazama, wanaondoka na kitambaa na kuacha maziwa au mayai. Hakuuliza tena habari za shamba. Baba alikuwa akirudi mchana kwa ghafla kuhakikisha, anamkuta ameinama, anajifanya alikuja kuchukua jembe.

Halafu siku moja jirani alikuja amefunga kifurushi ndani ya kitambaa cha ukutani kilichoshonwa maneno. Kogo, ambaye hakujua kusoma, aliuliza ile michoro ni ya nini. Nikamwambia si michoro, kogo, ni maneno, yanasema karibu mgeni. Alizipapasa kwa kidole.

"Kwa hivyo hiyo inaongea," alisema. "Hata kama mwenye nyumba hayuko."

Nilijua anamfikiria nani. Baba mkubwa alioa mwanamke wa kutoka upande wa Nyamira, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chakula huko Nakuru, na watu walipanga foleni kwa pilau yake. Kikipsigis alijua maneno matatu, na kogo Kiekegusii hakujua hata moja, kwa hiyo walikutana kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao. Krismasi iliyotangulia, mama mkubwa alijifunga leso akatupikia pilau hiyo kwa mikono yake. Kogo alionja kijiko kimoja, akauma karafuu, akaweka sahani chini. "Hii ni chagula ama ni dawa?" aliuliza, kisha akaomba mursik. Alidhani ameuliza tu. Mama mkubwa aliondoka kesho yake asubuhi na hakusema kwaheri kwa yeyote ila kwangu.

Sasa kogo alihesabu hivi, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Baba mkubwa ndiye aliyeandika barua, lakini katika nyumba ile neno la mwisho lilikuwa la mke. Huyo mke akilainika, angeweza kumwambia mumewe amwache mama mahali alipo. Na huwezi kumlainisha mtu uliyemtukania chakula bila kuanza na chakula hicho. Alitaka kitambaa kitakachoongea kwa Kiswahili, kimwambie mkwe wake kile ambacho yeye aliona haya kukisema.

Tulikaa Jumamosi, mama na baba wakiwa shambani. Nililaza kitambaa juu ya meza, nikachonga penseli.

"Sema, kogo."

"Andika: mke mwema hubiga kwa ubendo."

Mimi, mtaalamu wa imla, nilitabasamu. Hubiga si neno. Hiyo B ni P, nikaibadilisha. Ubendo vilevile, nikaubadilisha. Nilikagua mstari wote, kila neno lilikuwa Kiswahili halali, nikaridhika. Unaona nilipoanguka? Hupiga ni neno zuri tu, halikuonekana kuchafuka popote, kwa hiyo sikuichunguza ile G. Nilikuwa nakagua herufi, maana sikuikagua. Kogo aliweka kidole juu ya kila herufi, akaniuliza kama zote zimekaa sawa, nikamwambia, kogo, mimi sikosei.

Alishona kitambaa hicho wiki sita. Maneno kwa rangi ya damu ya mzee, majani ya chai kuzunguka kingo, na pembeni sufuria ya manjano yenye moshi. Hakumruhusu mtu kukiona. Alikificha chini ya godoro letu, na mara mbili alifumua mstari mzima kwa sababu mnyororo mmoja ulikuwa mnene kuliko wenzake. Usiku kabla ya kulala aliniuliza, je, mtu akikisoma hiki, moyo utarudi? Nilimwambia utarudi. Nilikuwa na hakika ya kila kitu umri ule.

Disemba walikuja. Baba mkubwa aliingia na sanduku tupu mkononi, kubwa, jipya, akaliweka karibu na mlango wa chumba cha kogo, na kila mtu akalipita kama halipo. Mama mkubwa alisalimu kwa adabu, akaketi mbali na jiko, na mama yangu alipomkaribisha jikoni alisema amechoka na safari. Tulikula. Baada ya kula, baba mkubwa alikohoa akaanza kusema kwamba ametafuta kitanda cha chini kwa ajili ya mama, na kwamba dirisha la chumba linatazama barabara. Kogo alinyanyua mkono kumnyamazisha. Aliinuka kwa fimbo yake, akaingia ndani, akarudi na kitambaa kimekunjwa, akakiweka mapajani mwa mkwe wake.

"Mama, hii ni yako," alisema. "Nimeshona mimi."

Mama mkubwa alikikunjua. Alitazama.  Baba mkubwa akainamia bega lake na kusoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma tangazo: "Mke mwema hupiga kwa upendo."

Baba yangu alitoa sauti puani. Baba mkubwa alishindwa kujizuia, akacheka hadi akavua miwani. Mama yangu alikimbilia jikoni. Kogo alitutazama mmoja baada ya mwingine akiuliza kwa Kikipsigis kuna nini, hadi baba, akifuta macho, akamweleza: umeandika kwamba mke mwema anachapa watu. Ulitaka kupika, mama, imekuja kupiga.

Nilikuwa nimesimama na birika la chai. Nilielewa papo hapo, nikaiona ile G imekaa pale, kubwa, nadhifu, nilivyoiandika kwa penseli yangu. Nilipaswa kusema neno moja tu. Lakini nililisikia darasa lote la nne likicheka gogo la mti, na ulimi wangu ukakataa. Nilinyamaza, rafiki yangu. Nilimimina chai.

"Ni mkono yangu imegosea," kogo alisema, kwa Kiswahili, ili mkwe wake asikie. Uso wake ulikuwa umeingia ndani. "Na macho. Sijui kusoma, nilikuwa nashona tu. Unisamehe, mama."

Baba mkubwa aliacha kucheka. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniogopesha: "Si unaona, mama? Umechoka. Macho yamekwisha. Twende Nakuru upumzike." Akalitazama sanduku.

Hapo nilijua ninachokifanya. Kunyamaza kwangu kulikuwa kunampakia kogo sandukuni, na bado sikufungua mdomo.

Aliyefungua mdomo ni mama mkubwa. Alikuwa hajacheka wala hajaondoa macho kwenye kitambaa. Alikuwa anapitisha kidole juu ya ile sufuria ya manjano.

"Hii sufuria ni yangu?" aliuliza.

"Ni ya ile pilau," kogo alijibu. "Ile nilikataa."

Mama mkubwa alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka kifuani. Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe uliniambia mama anakaa bure. Huyu anakaa bure? Wewe umewahi kufanya kitu ya wiki moja na mkono yako?"

"Lakini ile kitambaa imekosewa," baba mkubwa alisema.

"Imekosewa wapi? Hii naweka kwa mlango, ukichelewa kurudi nyumbani uisome." Sasa ndipo alipocheka, na baba yangu akajiunga naye kwa shangwe ya mtu aliyenusurika. "Mama, hii ya kupiga nimechukua. Lakini ile ya kupika bado naitaka. Utanishonea ingine. Na usinishonee Nakuru, tunakaa ghorofa ya tatu, hakuna baraza, hakuna mtu wa kukuambia hii imekuwa nzuri. Shonea hapa. Nitakuja kuchukua mwenyewe."

Kisha akajifunga leso akaingia jikoni. Jioni hiyo tulikula pilau, na kogo alimaliza sahani, pamoja na karafuu zote, machozi yakimtoka, na mpaka leo sijui kama yalikuwa ya shukrani au ya pilipili. Sanduku lilirudi Nakuru na viazi na chai ya majani.

Kogo aliishi nasi miaka saba baada ya hapo, akafia nyumbani, kitandani mwetu, kama alivyotaka. Leo baraza lile limevunjwa, baba amejenga nyumba ya mawe. Kwenye mashamba makubwa upande wa Kericho mashine zinakata chai kwa pupa, majani manne na kijiti, na wachumaji wa aina ya kogo hawahitajiki. Sayansi kimu ile ya sindano na uzi sioni tena mtoto akirudi nayo nyumbani. Ukutani watu wametundika saa za plastiki. Vitambaa vyake nimevitafuta nyumba kwa nyumba, na nimeambiwa kimoja kilipanguza meza mpaka kikaisha, kingine kilizikwa pamoja na mwenyewe. Nawasikia vijana wa kilimani wakiongea siku hizi, P yao ni P na G yao ni G, kwa sababu ya televisheni. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini nikiwa peke yangu ndani ya gari mimi husema hubiga, kwa sauti, nimsikie.

Ila kuna siku moja sijaisema. Baada ya wageni kuondoka, kogo alidai aonyeshwe hiyo herufi iliyomfanya achekwe mbele ya watoto wake. Nikamwonyesha K na G. K alisema ni mtu anapiga teke. G ni kikombe kimevunjika mdomo. Kisha akataka na nyingine, na nyingine, moja kwa kila kitambaa, hadi mvua za Aprili zikamkuta anasoma maneno mafupi kwa kuyapapasa. Alasiri moja mawe yalikuwa yakigonga mabati, tumekaa mlangoni, anashona kile cha pili cha mama mkubwa. Alifika kwenye K ya hupika, akasimamisha sindano. Alingoja mvua ipungue ndipo azungumze.

"Ile G," alisema. "Mimi wakati huo sikuwa najua herufi hata moja. Mkono yangu ingeitoa wapi? Mimi nilikuwa nafuata kalamu."

Sikuweza kumtazama. Nilisema, "Ni mimi, kogo." Nilisubiri yale yanayonistahili. Alivuta uzi ukakaza, akaukata kwa meno, akanipa sindano nimtungie uzi mwingine, kwa sababu mwanga ulikuwa unapungua. Aibu yangu aliibeba mbele ya wanawe na mkwe wake, kuanzia Disemba hadi Aprili, akidhani ni yake. Alipojua ni yangu, hakunirudishia.